Ulipasuliwa mara ya kwanza: namna ya kuamua utajifunguaje safari hii

"Sista, nikishapasuliwa mara moja, si ni kupasuliwa tu mpaka mwisho?"

Swali hili naulizwa kwenye benchi la kliniki karibu kila wiki. Anayeuliza mara nyingi ana mimba ya miezi minne au mitano, kitabu chake cha kliniki amekivisha nailoni, na nyumbani watu wameshamwamulia. Mama mkwe anataka azae "kama wanawake wengine". Dadake anamwambia achague tarehe, apasuliwe, yaishe. Mume anauliza bei.

Mimi ni mkunga, kazi yangu imekuwa kwenye wodi za kujifungulia upande wa Eastlands, Nairobi, na kifungua mimba wangu mwenyewe alitolewa kwa upasuaji. Haya ninayoandika hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima. Nataka tu uingie chumbani kwake ukijua la kuuliza.

Msemo huo wa "mara moja ni daima" una mwenyewe. Ulitoka kwa daktari wa New York, Edwin Cragin, mwaka 1916. Enzi hizo mfuko wa uzazi ulichanwa wima, sehemu ya juu yenye misuli minene, na kovu la hapo halivumilii uchungu. Tena Cragin alikuwa akiwaonya wenzake wasikimbilie kisu kwa mimba ya kwanza, lakini watu wakashika msemo wakaacha onyo. Siku hizi wanawake wengi huchanwa mlalo, chini, mahali pembamba panapopona vizuri, na ndiyo maana mlango wa njia ya kawaida haujafungwa. Ila usikisie kwamba wewe ni mmoja wa hao wengi.

Hatua ya 1: Tafuta karatasi za upasuaji wa kwanza

Kovu unaloliona ukioga ni la ngozi. Halikuambii chochote kuhusu la ndani. Unaweza kuwa na mshono mdogo uliolala chini ya mstari wa chupi, kumbe ndani ulichanwa wima kwa sababu mtoto alikuwa amekingama, au alikuwa hajatimiza hata miezi saba na sehemu ya chini ya mfuko ilikuwa bado haijatanuka. Nimeona mama akimfunulia daktari tumbo na kusema, "Yangu ni ile nzuri," na daktari akajibu kwa upole kwamba anachohitaji ni karatasi.

Karatasi unayoitafuta ni ile daktari aliyoiandika baada ya kutoka thieta. Fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani mara nyingi huwa na mistari miwili tu, haitoshi. Soma, au usomewe, mambo haya: mfuko ulichanwa vipi, mkato uliongezwa au ulipasuka zaidi mtoto akitolewa, sababu ya upasuaji, mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita ngapi, na kama ulivuja damu nyingi au kidonda kiliingia maambukizi baadaye.

Rekodi hizo ni zako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zilizo mikononi mwa wengine, hospitali ikiwemo. Nenda ofisi ya rekodi na kitambulisho, namba ya faili kama bado unayo, na tarehe ya kujifungua. Ukiambiwa faili haionekani, usiondoke na jibu la dirishani. Uliza kuhusu daftari la thieta, kwa sababu kila upasuaji huandikwa humo pia. Mama mmoja wa Githurai alikuwa amejifungulia magharibi, kwa wazazi wake. Kakake alikwenda huko na barua ambayo mama huyo aliisaini, akarudi mara mbili bila kitu, mara ya tatu akapiga picha ukurasa mmoja na kuutuma kwa WhatsApp. Mwandiko wa daktari ulikuwa kama nyayo za kuku, lakini maneno "mkato wa mlalo, chini" yalisomeka. Ukurasa huo ulibadilisha mazungumzo yote.

Ikishindikana kabisa, si mwisho. Daktari ataangalia sababu na umri wa mimba ile. Kama ilikuwa imetimia miezi tisa, mtoto ametanguliza kichwa na uchungu ukakwama, uwezekano mkubwa ni mkato wa mlalo. Kama mtoto alitolewa njiti au alikuwa amekingama, daktari ana haki ya kushuku.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza yale yasiyo na mjadala

Kuna wanaotakiwa kupangiwa upasuaji bila kubishana: aliyechanwa wima sehemu ya juu ya mfuko, ambaye hatari ya kovu kuachia akipata uchungu hufika kati ya asilimia 4 na 9, aliyewahi kupasuka mfuko, ambaye kondo la nyuma limeziba njia, na aliyeondolewa uvimbe wa mfuko kwa upasuaji ulioingia ndani sana. Huyu wa mwisho husahau kusema, kwa kuwa anaona ule haukuwa upasuaji wa kuzaa. Sema.

Aliyepasuliwa mara mbili yuko katikati. Miongozo ya Uingereza na Marekani inaruhusu baadhi yao wajaribu njia ya kawaida chini ya uangalizi wa daktari bingwa, lakini hapa kwetu usishangae ukikataliwa, na mimi sitakulaumu wala kumlaumu daktari.

Hatua ya 3: Pima nafasi yako

Kwa aliyepasuliwa mara moja kwa mkato wa mlalo, miongozo ya madaktari wa uzazi wa Uingereza inasema wanaojaribu njia ya kawaida hufanikiwa kwa asilimia 72 hadi 75. Ukiwa umewahi kuzaa kwa kawaida, iwe kabla au baada ya upasuaji huo, nafasi hupanda hadi asilimia 85 au 90. Hakuna kitu kinachokusaidia kuliko hicho.

Baada ya hapo, sababu ya upasuaji wa kwanza ndiyo ya kutazamwa. Mtoto aliyetanguliza makalio ni mambo ya mimba ile. Huyu wa sasa huenda ametanguliza kichwa vizuri. Ukiwa ulifikisha sentimita 10, ukasukuma na mtoto akagoma, nafasi inapungua, ingawa haiishi. Inapungua pia mtoto akikadiriwa kupita kilo 4, mama akiwa na uzito mkubwa, au uchungu ukilazimika kuanzishwa kwa dawa.

Hapa niseme kuhusu "nyonga ndogo". Nusu ya akina mama wanaonijia wameambiwa wana nyonga ndogo, na ukiuliza walipimwaje, wanakuambia uchungu ulichelewa. Uchungu huchelewa kwa mengi: mtoto kugeuza uso juu, mikazo dhaifu, mama kulazwa chali kitandani saa nyingi bila kunywa maji. Wapo wanawake walioandikiwa nyonga ndogo ambao mtoto wa pili, mzito kuliko wa kwanza, alipita. Kama ndicho ulichoambiwa, usikichukue kama kipimo cha fundi cherehani. Muulize daktari wa sasa: niliishia sentimita ngapi, na mtoto alikuwa amekaaje?

Halafu kuna muda. Ikiwa kati ya kuzaa kule na kuzaa huku haitapita miezi 18, kovu linakuwa na hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani hushauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kubeba mimba nyingine. Mimba ikishaingia mapema, hilo ni jambo la kumwambia daktari, si la kujilaumia.

Hatua ya 4: Weka hatari za pande zote mezani

Ogopa wote wanaokuambia upande wao hauna hatari.

Upande wa njia ya kawaida, kinachotisha ni kovu kuachia wakati wa uchungu. Kwa mkato mmoja wa mlalo hutokea kwa takriban mama 1 kati ya 200. Panga matatu 14 za abiria 14, ujaze humo akina mama waliowahi kupasuliwa mara moja, wote wapate uchungu: litakalomkuta ni mmoja kati ya wote hao. Ni wachache. Lakini kwa huyo mmoja dakika ni mali, kwa sababu mtoto anakosa hewa na mama anavuja damu ndani. Dripu ya kuongeza uchungu huzidisha hatari hiyo mara mbili au tatu. Vidonge vya misoprostol havifai kabisa kuanzisha uchungu mimba ikiwa kubwa na mfuko una kovu, na nasema hivyo kwa sauti kwa sababu watu huvinunua mtaani. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ziache kikombeni.

Jingine ni kujaribu na kushindwa. Karibu mmoja kati ya wanne atapelekwa thieta baada ya saa nyingi za uchungu, na upasuaji wa namna hiyo una damu na maambukizi zaidi kuliko uliopangwa. Anayefanikiwa ndiye hupata nafuu kuliko wote: anaamka mapema, hana kidonda cha tumbo, na mimba zijazo zinamwia rahisi.

Upande wa upasuaji wa kupangwa, siku yenyewe kwa kawaida ni tulivu. Bili yake huja baadaye. Viungo vya ndani hushikamana, kibofu kinaweza kujeruhiwa, damu inaweza kuganda miguuni, na mtoto anayetolewa bila uchungu ana uwezekano mkubwa kidogo wa kupumua kwa shida siku ya kwanza: 4 hadi 5 kati ya 100, dhidi ya 2 hadi 3 kwa njia ya kawaida. Kinachoniogopesha mimi zaidi ni kondo la nyuma kujishika kwenye kovu na kukataa kutoka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake ambao kondo lilikuwa limeziba njia. Waliokuwa kwenye upasuaji wa pili, lilikuwa limeota ndani kwa asilimia 11. Wa tatu, 40. Wa nne, 61. Hapo ndipo watu huondolewa mfuko wa uzazi ili wasife.

Kwa hiyo swali ambalo halijaandikwa kwenye fomu yoyote ya kliniki ni hili: unataka watoto wangapi? Anayesema "huyu ndiye wa mwisho" na anayesema "mume wangu anataka watano" hawana hesabu moja hata kama makovu yao yanafanana. Jibu hilo ulitoe wewe, na ulitoe kwa ukweli.

Hatua ya 5: Chagua hospitali kwa kuuliza kuhusu saa tisa usiku

Takwimu nilizotoa zimetoka kwenye hospitali ambazo thieta iko hatua chache kutoka wodini na daktari wa usingizi hajalala kwake Ruaka. Ukihamisha uchungu uleule hadi kwenye nyumba ya uzazi ya mtaani ambayo daktari huitwa kwa simu, takwimu hizo si zako tena. Ndiyo maana huwaambia akina mama: kuchagua njia ya kujifungua bila kuchagua hospitali ni kuchagua nusu.

Vituo vya afya vya kiwango cha 2 na 3 ni vizuri kwa kliniki, na wakunga wengi wa huko wamenishinda kwa mkono mwepesi. Lakini mwenye kovu asipangie kuzalia mahali pasipo na thieta. Nairobi tuna bahati ya kuwa na hospitali kadhaa za umma zinazopasua usiku na mchana, kuanzia Pumwani, iliyowazalisha wanawake wa mji huu tangu 1926, hadi Kenyatta, na za binafsi zipo nyingi. Usiamini jina, nenda uulize.

Nenda mchana, muulize nesi msimamizi wa wodi, si karani wa mapokezi:

- Mnawasimamia waliowahi kupasuliwa wanaotaka kuzaa kwa kawaida, au mnawapasua wote?
- Saa tisa usiku, daktari wa kupasua na wa kutia ganzi wako ndani ya jengo au wanaitwa?
- Tangu daktari aseme "thieta" mpaka mtoto atoke, huchukua muda gani?
- Mtoto husikilizwa mapigo ya moyo kwa mashine muda wote, au kila baada ya nusu saa kwa mkono?
- Damu ya kuongezwa iko hapa au huagizwa kwingine?

Akikujibu kwa kuzungukazunguka, umejibiwa. Mimi niliuliza swali la pili katika hospitali moja nilipokuwa na mimba ya pili, nikaambiwa, "Mama, usiwe na wasiwasi, hata usiku kuna mtu." Mtu gani? Nikaenda kwingine.

Kisha pima njia. Kutoka Pipeline saa kumi na moja jioni si sawa na kutoka Pipeline saa saba usiku. Anayekaa Rongai au Kitengela ahesabu mvua pia. Hifadhi namba mbili za madereva wa mtaani ambao wamekubali kuamshwa, na namba ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Hatua ya 6: Pesa

Kwa ufupi. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mapema na uhakikishe michango imelipwa, kwa sababu kadi iliyolala haikusaidii wodini. Viwango vilivyoanza na SHA mwaka 2024 ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ikitoza zaidi ya hapo, tofauti ni yako. Ukilipia kifurushi cha hospitali binafsi, swali ni moja: nikianza kwa kawaida nikaishia thieta, nitalipa nini? Waandike jibu.

Hatua ya 7: Kaeni na daktari, uamuzi uandikwe kabla ya wiki ya 36

Enda na mtu mmoja unayemwamini, asiwe yule atakayekujibia. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na mama mkwe wake. Daktari aliuliza, mama mkwe akajibu: "Kwetu hatupasuliwi." Daktari akamgeukia, akamwambia, "Shikamoo mama, nakusikia. Sasa naomba nimsikie na mwenye tumbo." Kimya. Halafu binti akasema, polepole, kwamba mara ya kwanza alikaa na uchungu siku mbili, na kwamba hata sasa akisikia kitanda cha magurudumu kikipita, moyo unamwenda mbio. Anataka kuchagua tarehe. Mama mkwe hakusema tena. Walipotoka, ndiye aliyembebea mkoba.

Hofu kama ile ni sababu halali, kama ilivyo halali kutaka kuamka kesho yake na kumfulia mtoto mkubwa nguo. Hakuna njia inayokufanya mama zaidi. Sahihi inayotakiwa kwenye fomu ya ridhaa ni yako.

Ukiwa unataka kufungwa mirija wakati wa upasuaji, liseme hapa, kliniki, ukiwa umevaa nguo zako. Uamuzi huo usifanywe juu ya meza ya thieta.

Hakikisha kwenye kitabu cha kliniki kumeandikwa: njia iliyochaguliwa, mambo yatakayofanya mpango ubadilike, na kitakachofanyika wiki ya 41 ikifika bila uchungu. Pima pia kiwango cha damu na ujue kundi lako. Mwenye damu pungufu aanze vidonge vya madini ya chuma sasa, asingoje mwezi wa tisa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kama umechagua upasuaji, tarehe huwekwa wiki ya 39, kwa sababu mapafu ya mtoto hunufaika na siku hizo za mwisho. Daktari akikupa wiki ya 37 kwa kuwa anasafiri, uliza maswali. Chakula cha mwisho kiwe muda wa saa sita kabla ya kuingia thieta, maji kwa jinsi utakavyoelekezwa. Ganzi ya uti wa mgongo, uko macho, unamsikia mtoto akilia. Jitahidi kusimama siku ileile au kesho yake, hata kama unamlaani nesi anayekuinua. Na ujue kwamba karibu mama 1 kati ya 10 hushikwa na uchungu kabla ya tarehe. Hilo likitokea usingoje Jumatatu. Nenda mara moja, na ubebe kitabu.

Kama umechagua kawaida, usikae nyumbani ukisubiri uchungu ukolee kama wanavyoshauriwa wengine. Mikazo ikishika mpangilio, au maji yakivunjika, ondoka. Ukifika mlangoni, sentensi ya kwanza iwe: "Mimi niliwahi kupasuliwa." Rudia kila zamu inapobadilika. Nesi aliyeingia saa mbili usiku hakuwepo ulipoeleza mchana.

Ukiwa wodini piga kelele kwa haya: maumivu ambayo hayaachi kati ya mkazo na mkazo, maumivu makali mahali pa kovu au begani, damu kutoka ukeni, mikazo iliyokuwa na nguvu kukatika ghafla, kizunguzungu cha kutaka kuzimia. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya mtoto kubadilika, ndiyo maana nilisema uulize kuhusu mashine. Sindano ya ganzi ya kupunguza uchungu haikatazwi kwa sababu ya kovu. Na daktari akisema mpango umebadilika, umebadilika. Muulize sababu huku kitanda kikisukumwa.

Hatua ya 9: Kabla hujatoka

Hii watu huisahau kwa sababu ya furaha na bili. Kama umepasuliwa tena, omba nakala ya maelezo ya thieta kabla hujamaliza kwa keshia, maana ukishalipa hakuna anayekuharakishia. Kama umezaa kwa kawaida, hakikisha imeandikwa hivyo kwenye kitabu, pamoja na uzito wa mtoto na muda wa uchungu.

Yule mama wa Githurai alizaa msichana wa kilo 3.4 kwa njia ya kawaida, alfajiri. Nilipopita kitandani kwake saa moja asubuhi, mtoto alikuwa amelala ubavuni, na yeye amekunjua kitabu cha kliniki juu ya mto, simu mkononi, anapiga picha kurasa moja moja. Ananiambia, "Shika hapa Sista, inatoka na ukungu."